Baba amefanyiwa baipasi ya moyo: je, ni kweli "hudumu miaka 10 tu"?

Binti wa Kaloleni

Hamjambo wanajukwaa. Baba yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa baipasi wiki 5 zilizopita katika hospitali moja hapa Nairobi, baada ya angiogramu (picha ya eksirei ya mishipa ya moyo) kuonyesha kwamba mishipa yote 3 mikuu inayolisha moyo wake ilikuwa imebana vibaya. Ana kisukari tangu mwaka 2011, na presha alianza kuugua kabla ya hapo. Sigara aliiacha zamani, nikiwa bado shule ya msingi. Namshukuru Mungu kwamba upasuaji ulikwenda salama, kidonda cha kifuani kimekauka, na mguu waliotoa mshipa huvimba kidogo tu nyakati za jioni.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine. Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari mmoja tutarajie nini katika miaka ijayo, naye, huku akitia sahihi karatasi, akanijibu kwamba "hizi kwa kawaida hudumu miaka 10." Kabla sijamuuliza kama kinachodumu miaka 10 ni mishipa aliyopandikizwa au ni baba mwenyewe, alikuwa ameshaingia chumba kingine. Mama alikuwepo, akasikia, na tangu siku hiyo anajumlisha 64 na 10 kila anapomtazama mumewe. Baba naye, ambaye hakuwahi kukosa la kusema kuhusu jambo lolote lililotangazwa redioni, sasa hukaa kimya mchana kutwa, hula nusu sahani, na juzi alimwita kaka yangu mkubwa ili amwonyeshe mahali hati ya shamba ilipowekwa.

Naomba wenye ujuzi, au waliopitia hali hii, wanifafanulie maana ya hiyo miaka 10. Naomba pia mniambie ni nini kinachomfanya mgonjwa mmoja aishi miaka mingi na mwingine miaka michache, na kama kuna lolote ambalo sisi wa nyumbani tunaweza kulifanya zaidi ya kuhesabu.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Pole sana, binti yangu, wewe na mama. Nimehudumia wagonjwa wa moyo kwa miaka mingi, na kauli hiyo ya miaka 10 nimeisikia ikitolewa mlangoni mara nyingi kuliko ninavyopenda. Jibu fupi ni kwamba kauli hiyo inahusu mishipa, tena aina moja tu ya mishipa, wala haikukusudiwa kuwa hesabu ya maisha ya mtu.

Wakazi wa Nairobi tunapaswa kulielewa neno baipasi kuliko watu wengine. Lori linalotoka Mombasa Road kwenda Kikuyu hupitia Southern Bypass bila kuingia mjini, lakini foleni ya Uhuru Highway iko palepale, imekwepwa tu. Daktari wa upasuaji naye hazibui mshipa ulioziba. Huchukua mshipa mwingine kutoka mahali ambapo mwili unaweza kuvumilia kuukosa, akaushona ili damu ipite kando ya kizuizi na kuufikia msuli wa moyo uliokuwa na njaa. Ugonjwa ulioziba mishipa ya zamani haujaondoka mwilini, na usipodhibitiwa utaifuata hata njia mpya.

Sasa, njia mpya hazifanani. Mara nyingi daktari hutumia ateri iliyo ndani ya ukuta wa kifua upande wa kushoto kwa ajili ya mshipa wa mbele wa moyo, ambao ndio muhimu kuliko yote, kisha hutumia vena za mguuni kwa mishipa mingine. Ateri imezoea tangu utotoni kupokea damu yenye msukumo mkubwa. Vena ya mguuni ilizoea kurudisha damu polepole, na ikihamishiwa moyoni hukutana na shinikizo ambalo haikuumbiwa, kwa hiyo kuta zake huanza kunenepa, na miaka ikipita mafuta huganda ndani yake. Ndiyo sababu vena 10 hadi 20 katika kila 100 huziba katika mwaka wa kwanza, na ikifika miaka 10 karibu nusu huwa zimeziba au zimebana sana. Ateri ya kifuani ni tofauti kabisa: zaidi ya 90 katika kila 100 huwa bado wazi baada ya miaka hiyo 10. Hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, ambako René Favaloro kutoka Argentina alianza kutumia vena za mguuni kwa upasuaji huu mwaka 1967, ndiyo iliyokuja kuonyesha mwaka 1986 kwamba waliowekewa ateri hiyo kwenye mshipa wa mbele waliishi zaidi kuliko waliowekewa vena peke yake.

Hata hivyo, vena kuziba si sawa na mtu kufa. Wapo ambao vena moja imeziba na hawajui, kwa sababu sehemu ile ya moyo inapata damu kupitia njia nyingine.

Kuhusu miaka yenyewe, kuna kundi la wagonjwa 1,041 waliofanyiwa upasuaji huu Rotterdam, Uholanzi, kati ya mwaka 1971 na 1980, wakafuatiliwa kwa miaka 30. Baada ya miaka 10 walikuwa hai 77 katika kila 100. Baada ya miaka 20, 40. Na baada ya miaka 30, 15. Kwa wastani waliishi zaidi kidogo ya miaka 17 baada ya upasuaji. Kumbuka kwamba hao walikuwa wagonjwa wa mwanzo kabisa, waliowekewa vena, tena katika zama ambazo dawa za statini, zinazopunguza mafuta ya damu, zilikuwa bado hazijaanza kuuzwa. Kumbuka pia kwamba wengi wao walikuwa na umri mdogo kuliko wa baba yako, kwa hiyo usiichukue 17 ukaijumlisha na 64 kama mama alivyofanya na 10. Nimezitaja takwimu hizo ili mama aone kwamba hata wakati ule, kufikisha miaka 10 ndiko kulikokuwa kawaida.

Kinachotofautisha mgonjwa na mgonjwa ni mambo machache, na mazito zaidi ni nguvu ya moyo kusukuma damu kabla ya upasuaji, hali ya figo, kisukari, na sigara. Moyo ulioingia chumba cha upasuaji ukiwa umechoka sana hubaki na safari ngumu. Katika utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa ambao mioyo yao ilisukuma asilimia 35 au chini ya hapo ya damu inayoijaza kwa kila pigo, karibu 59 katika kila 100 walikuwa wamefariki baada ya miaka 10 hata baada ya baipasi, ingawa waliotibiwa kwa dawa peke yake walifariki zaidi, 66 katika kila 100. Nakueleza haya bila kuyapamba kwa sababu umeuliza swali la kweli. Usiyachukue kuwa ya baba yako kabla hujajua moyo wake unasukuma kiasi gani. Rudini kliniki mkaombe nakala ya maandishi ya upasuaji na majibu ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Hizo karatasi ni haki yake, na zitakujibu vizuri kuliko mtu yeyote humu jukwaani.

Jambo la mwisho kwa leo, kwa kuwa zamu yangu inaanza: huko kukaa kimya na kula nusu sahani msikuchukulie kuwa ni uzee au hekima. Huzuni nzito baada ya upasuaji wa moyo hutokea mara nyingi, na wanaoachwa nayo bila msaada hupona vibaya zaidi na hata hufariki mapema zaidi kuliko wenzao. Mtajieni daktari huzuni hiyo kwa jina lake, kama mnavyotaja maumivu ya kifua.

---

Mzee wa Buruburu

Binti, mimi ni mmojawapo wa hao wanaohesabiwa. Nilipasuliwa mwaka 2008 nikiwa na miaka 54. Mwezi uliopita nilitimiza miaka 71, na barua hii ninaiandika mwenyewe nikiwa na chai yangu isiyo na sukari, kinywaji ambacho sijakizoea mpaka leo na sitadanganya kwamba nimekizoea.

Nilipewa njia 4: moja ya ateri ya kifuani na 3 za mguuni. Miaka 5 ya kwanza nilikuwa mtiifu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha, kwa kuwa sikuwa na maumivu popote, nikaanza kujiuliza kwa nini niendelee kununua vidonge vya mafuta ya damu kila mwezi wakati karo ya wanangu ilikuwa haijalipwa. Nikaacha statini, nikabaki na aspirini peke yake, na kliniki nikawa naenda kwa mwaka mara moja, pengine nisiende. Hakuna kilichotokea mwaka huo, wala uliofuata, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo, kwa sababu mshipa unaojaa mafuta haupigi kelele. Mwaka 2019 nilianza kubanwa na kifua nikipanda ngazi za jengo tunalofanyia mikutano ya chama. Angiogramu ilionyesha vena 2 zimeziba kabisa. Ile ateri ya kifuani ilikuwa safi, na daktari aliniambia kwamba hiyo ndiyo iliyoninusuru. Niliwekewa stenti 2, vijibomba vya wavu vinavyoushikilia mshipa ubaki wazi, kwenye mshipa wangu wa asili, nikarudi kwenye dawa, na sijaziacha tena.

Mwambie baba yako kwamba Bill Clinton alipasuliwa mwaka 2004, akawekewa njia 4, na mwaka 2010 moja ya njia hizo ikaziba hata akahitaji stenti 2. Huyo ana madaktari wa dunia nzima, na bado vena ilimziba. Lakini ameishi zaidi ya miaka 20 tangu apasuliwe. Henry Kissinger, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifanyiwa baipasi mwaka 1982 na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100. Sisemi kwamba sote tutafika huko. Nasema kwamba mtu anayempigia mahesabu ya miaka 10 anamwonea.

Jambo lililonitoa kwenye huzuni anayoieleza muuguzi halikuwa ushauri. Mke wangu alinitoa nje kwa nguvu. Wiki ya kwanza nilitembea mpaka lango la jirani na kurudi, ya pili mpaka mwisho wa kichochoro, na baada ya miezi 3 nilikuwa naenda Mutindwa sokoni kwa miguu na kurudi na mboga, bila kupanda matatu. Mpaka leo ni dakika 40 kila asubuhi, kabla ya magari kuanza kufukuzana.

---

Msema Kweli

Mimi nina maoni tofauti, na naomba niruhusiwe kuyasema. Mjomba wangu alifanyiwa upasuaji huu, familia ikauza gari na kufanya harambee mara 2, na baada ya miaka 3 akafariki. Jirani yake aliwekewa stenti kwa siku moja, kesho yake akawa nyumbani, na yuko hai. Naamini kumpasua mtu kifua humpunguzia miaka, na hospitali hupendekeza upasuaji kwa sababu bili yake ni kubwa.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Pole kwa kumpoteza mjomba, ndugu Msema Kweli. Sitabishana nawe kuhusu bili, maana hata mimi nimeona familia zikimalizwa nazo. Ila kuhusu miaka ya kuishi, jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyobana, hali inayolingana sana na ya baba wa Binti. Baada ya miaka 5, walikuwa wamefariki takriban 11 katika kila 100 waliopangiwa baipasi, na 16 katika kila 100 waliopangiwa stenti. Kwa haki, niseme pia kwamba kiharusi kiliwapata zaidi waliopasuliwa, takriban 5 katika 100 wakilinganishwa na 2 katika 100. Utafiti mwingine, uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10 na kutoa matokeo mwaka 2019, ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye mishipa yote 3 iliyobana, waliopasuliwa walifariki 21 katika kila 100, na wa stenti 28.

Jirani wa mjomba huenda alikuwa na mshipa mmoja tu uliobana, na hapo stenti ni chaguo zuri. Mtu hawezi kulinganisha magonjwa mawili kwa kuwa yote yanaitwa ya moyo.

---

Mfamasia wa Pangani

Naomba niongeze neno kuhusu dawa, kwa kuwa ninawaona wagonjwa hawa wakija dukani kila wiki, na makosa ninayoyaona ni yaleyale.

Baba atahitaji aspirini ya kipimo kidogo, kati ya miligramu 75 na 100 kwa siku, na statini ya nguvu, kwa mfano atovastatini, kwa maisha yake yote. Hizi mbili ndizo zinazolinda zile vena. Nyingine, za presha, za mapigo ya moyo na za kisukari, daktari atazipanga kulingana na hali yake. Atakapopima mafuta ya damu, msiridhike kuambiwa kwamba "yako sawa", kwa sababu karatasi ya maabara huandika kiwango cha kawaida cha mtu mwenye afya. Kwa mtu aliyefanyiwa baipasi, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unataka mafuta mabaya (LDL) yawe chini ya milimoli 1.4 kwa lita, ambacho ni kiwango cha chini sana kuliko kile cha karatasi ya maabara.

Kosa ninaloliona zaidi ni dawa za maumivu. Mguu ukiuma au mgongo ukikaza, mzee hutuma mtoto akanunue diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo mtu huuziwa bila kuulizwa lolote. Mgonjwa wa mishipa ya moyo hapaswi kuzitumia: zinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, zinaumiza figo, na ibuprofeni hata huizuia aspirini kufanya kazi yake. Parasetamoli inatosha kwa maumivu mengi. Kuhusu dawa za miti shamba zinazouzwa kwenye matatu na vipeperushi vyake vya "kuzibua mishipa", sitasema mengi. Nitasema tu kwamba kama mnampa, mwambieni daktari wake, kwa sababu baadhi huongeza uvujaji wa damu zikikutana na aspirini.

Gharama nayo ni sehemu ya tiba. Mzee wa Buruburu ameeleza kwa uwazi jinsi karo ilivyoshinda statini, na siye peke yake. Mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, kisha muulize bei katika maduka kadhaa, kwa sababu tofauti huwa kubwa mno. Dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku kwa miaka 15 ina faida kuliko ya bei ghali inayoachwa mwezi wa nne.

---

Binti wa Kaloleni

Asanteni nyote, na samahani kwa kukawia kujibu. Jumanne tulirudi kliniki na kuomba zile karatasi. Karani alituambia tusubiri, tukasubiri tangu saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, lakini tulizipata.

Baba aliwekewa njia 3: ateri ya kifuani kwenye mshipa wa mbele, na vena 2 za mguuni. Eko inaonyesha moyo wake unasukuma asilimia 50. Figo ziko sawa. Mafuta mabaya ni 2.7, nayo kweli yaliandikwa kuwa "kawaida". Nilipomwonyesha daktari wa zamu takwimu hiyo, na nilimkuta mwingine, mwenye subira, aliongeza kipimo cha statini na kutuambia turudi kupima baada ya wiki 6. Alipomuuliza baba kuhusu usingizi na hamu ya chakula, baba alijibu kwamba yuko salama, kama anavyojibu kila mtu. Mama akamkatiza na kueleza yote, ikiwemo ile hati ya shamba. Tumepangiwa kumwona mshauri wiki ijayo, na baba amekubali kwa sharti kwamba asiitwe mgonjwa wa akili.

Jioni niliketi naye na mama, nikawasomea aliyoyaandika Mzee wa Buruburu, pamoja na habari za Clinton na Kissinger. Mama aliuliza mara 2 kama ni kweli huyo wa pili alifikisha miaka 100. Baba hakusema kitu mpaka nilipomaliza, kisha akaniomba nimuulizie Mzee swali moja: kule Murang'a alikuwa amepanga kung'oa kahawa iliyozeeka na kupanda miche 40 ya parachichi ya kupandikiza, ambayo huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Anauliza kama anaweza kuanza msimu huu wa mvua.

---

Mzee wa Buruburu

Mwambie aanze. Lakini mfupa wa kidari huchukua hadi wiki 12 kuungana vizuri, na yeye yuko wiki ya sita tu, kwa hiyo asiinue kitu kizito kuliko kilo 4 au 5, na jembe asiliguse kabisa kabla daktari hajamruhusu. Aketi kwenye kiti chini ya mti, aelekeze vipimo vya mashimo kwa sauti ya mwalimu, na mashimo yachimbwe na yule kaka mkubwa aliyeonyeshwa hati.